Kuandika na Kujichapishia Riwaya ya Mapenzi: Mwongozo Kamili, Kutoka Wazo hadi Sokoni

Anayejichapishia hana wa kumkatalia. Hakuna kampuni itakayomrudishia muswada na barua ya "tunasikitika", wala mhariri wa kumuuliza kwa nini sura ya tatu imelegea. Uhuru huo ni mtamu, na ndio huohuo unaojaza soko riwaya za mapenzi ambazo msomaji anaziacha ukurasa wa thelathini. Ukiamua kujichapishia, kiti cha mhariri nacho ni chako, na itabidi ukikalie.

Kwanza ujue unauza nini. Chama cha waandishi wa riwaya hizi cha Marekani, Romance Writers of America, kiliiweka fasili yake katika masharti mawili: mapenzi ndiyo kiini cha kisa, na mwisho uridhishe moyo na uwe na matumaini. Kisa ambacho mpenzi mmoja anakufa ukurasa wa mwisho kinaweza kuwa kazi bora ya fasihi, lakini ukikiuza kama riwaya ya mapenzi, aliyenunua atahisi ametapeliwa. Kampuni kama Mills & Boon, iliyoanzishwa London mwaka 1908, na Harlequin, iliyoanza Kanada mwaka 1949, zilijenga biashara nzima juu ya msomaji anayejua mwisho kabla hajafungua kitabu.

Kwa hiyo swali la "je, watapatana?" halina nguvu. Lenye nguvu ni "watapatanaje, kwa hali hii?" Karibu kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia wazo la kwanza hadi maneno ya nyuma ya jalada, unategemea jibu moja: ni kitu gani kinawazuia hawa wawili?

Hatua ya 1: Kunasa wazo

Wengi huanza na mapenzi yao wenyewe. Kwangu mimi hicho ndicho chanzo cha hatari kuliko vyote. Aliyeachwa mwezi uliopita huandika malalamiko: mhusika mmoja anapewa haki zote, mwingine makosa yote. Chukua hisia, acha tukio. Wivu uliokunyima usingizi ni mali yako, utumie, ila mpe mhusika kazi nyingine, umbo jingine na sababu nyingine. Sheria nayo ipo: mtu akitambulika kitabuni anaweza kukushtaki kwa kumchafulia jina, na kubadili jina peke yake hakukuokoi kama kila amjuaye atamtambua.

Vyanzo vizuri mara nyingi ni vidogo. Mtu anayefoka kazini mchana kutwa, jioni anamnong'oneza paka. Wawili waliotalikiana lakini bado wanaendesha biashara moja. Kazi zinazobana watu pamoja, kama zamu za usiku, safari ndefu, studio ya kurekodia. Na zaidi ya vyote, maneno yaliyodondoka kwa watu usiowajua.

Yaandike papo hapo, neno kwa neno. Ukiandika "mwanamume aliaga kwa huzuni", baada ya miezi mitatu hutakumbuka ulichokiona. Lakini chukua sentensi kama hii: "Usinisubiri, ila usifunge mlango." Ana haraka, au anaogopa? Anaambiwa nani, na kwa nini aliyeambiwa hakuuliza "utarudi lini"? Tutaikuza sentensi hii tuone inavyogeuka riwaya.

Hatua ya 2: Kutafuta kizuizi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, hata kama vidole vinawasha kuanza sura ya kwanza.

Kuna vizuizi vya nje: familia zisizoelewana, umbali, kazi nchi nyingine, mchumba wa zamani aliyeibuka. Vinafaa kusukuma matukio, lakini vikiwa peke yake vinachosha, kwa kuwa mwandishi akitaka kuviondoa anaviondoa tu. Baba anabadili msimamo, kazi inahamishwa, mchumba anasafiri. Kizuizi kinachobeba kitabu kizima ni cha ndani: imani ambayo mhusika alijijengea ili asiumie tena, na sasa ndiyo inayomnyima anachokitamani.

Kipime hivi. Waketishe wahusika wako wawili dakika kumi, waambizane ukweli wote. Kama tatizo limeisha, hicho hakikuwa kizuizi bali kutoelewana tu. Kutoelewana kunatosha sura moja. Kitabu kizima kikisimama juu yake, msomaji atawapigia kelele wahusika wapigiane simu.

Sasa turudi kwenye mlango. Anayesema ni Haruni, fundi wa minara ya simu, kazi inayompeleka huku na huko kwa majuma. Anayeambiwa ni Salma, mwenye nyumba aliyempangisha chumba cha uani. Kwa nini Haruni hasemi atarudi lini? Jibu la kwanza: kazi yake haina ratiba. Jibu la kwanza karibu kila mara ni la kutupa, kwani ndilo litakalomjia kila mtu. La pili: ana mke kwingine. Hicho ni kisa kingine kabisa. La tatu: baba yake alikuwa bingwa wa ahadi. Akipiga simu ni "nakuja Ijumaa", na kila Ijumaa mtoto alikaa kizingitini mpaka usiku. Haruni amekua akiapa kwamba hatamwahidi mtu kitu. Kwake yeye, kutoahidi ndiyo heshima kubwa anayoweza kumpa mtu. Hapo sasa tumepata mtu.

Salma naye alimsubiri mume aliyekwenda masomoni, hadi mume akarudi na familia nyingine. Kilichomuuma zaidi ya kuachwa ni kule kuonekana na watu akisubiri. Kusubiri, kwake, ni kudhalilika. Ndiyo maana lile "usinisubiri" la Haruni mwanzoni linampendeza: mpangaji asiyemdai chochote.

Ona zinavyofungana. Kadiri Haruni anavyompenda Salma, ndivyo anavyozidi kukwepa kuahidi. Kadiri Salma anavyompenda Haruni, ndivyo anavyojitia shughuli asionekane akitazama barabara. Anachofanya kila mmoja kujikinga ndicho kinachomjeruhi mwenzake, na dakika kumi za maongezi haziwezi kuling'oa hilo. Hata mwisho umejileta wenyewe: Haruni itabidi atamke "nisubiri", na Salma itabidi akubali, watu wakisikia.

Kabla ya kuandika neno moja la riwaya, kamilisha sentensi hizi tatu uzibandike mbele ya meza yako: "Huyu anaamini kwamba…", "Yule anaamini kwamba…", "Kwa hiyo kila wakikaribiana…". Ya tatu ikikushinda, rudi kwenye mbili za kwanza.

Hatua ya 3: Kuchagua mkondo

Msomaji wa mapenzi hutafuta mkondo anaoupenda: maadui wanaogeuka wapenzi, marafiki wa siku nyingi, ndoa ya makubaliano, wapenzi wa kuigiza, nafasi ya pili kwa walioachana, watu waliolazimika kuishi mahali pamoja. Chagua mmoja, au miwili isiyogombana, na umtimizie msomaji alichokifuata. Mkondo wa Salma na Haruni ni huo wa mwisho. Amua pia utaandika faragha kwa uwazi kiasi gani. Kitabu kinachofunga mlango wa chumbani sura ya tano kisije kikaufungua wazi sura ya ishirini.

Hatua ya 4: Kupanga matukio

Wapo wanaopanga kila tukio na wapo wanaojiachia. Kwenye mapenzi naegemea kwa wanaopanga kidogo, kwa sababu msomaji ana vituo anavyovisubiri na atajua ukikiruka kimoja.

Wakutane mapema, ndani ya sehemu ya kumi ya kwanza ya kitabu. Kisha wape sababu ya kulazimika kuwa karibu, isiyoepukika kirahisi, maana kama mmoja anaweza kuondoka bila hasara msomaji atashangaa kwa nini haondoki. Katikati ya kitabu pawe na jambo lisiloweza kurudishwa nyuma, iwe busu, siri iliyotoka au usiku mmoja. Kabla ya tukio hilo wanaweza kujidanganya kwamba hakuna kitu. Baada yake hawawezi.

Robo ya mwisho wanavunjika, na hapa ndipo riwaya nyingi za kujichapishia zinapoanguka. Mwandishi anatafuta ajali, mgonjwa, au meseji iliyosomwa na asiyehusika. Kuvunjika kuwe ni kazi ya kizuizi chenyewe. Kwa Salma, jirani anamtania mbele ya watu: "Leo unamsubiri fundi wako?" Naye, kwa aibu ya zamani, anajibu, "Mimi? Nimsubiri nani?" Haruni yuko mlangoni na mzigo begani. Siku hiyo amerudi, kwa mara ya kwanza maishani, kwa tarehe aliyoitaja. Hakuna mtu mbaya hapo, na hakuna bahati mbaya iliyobandikwa. Salma amefanya kile ambacho tangu sura ya kwanza tulijua angefanya.

Baada ya hapo kila mmoja akae peke yake na imani yake aone imemgharimu nini. Halafu litendeke tendo la gharama, na anayelitenda atoe kile hasa alichokuwa akikilinda. Maua na msamaha wa machozi ni rahisi mno.

Vitabu vifupi vya Harlequin huwa na maneno 50,000 hivi. Riwaya ndefu zaidi hufika 70,000 hadi 90,000. Kwa kitabu cha kwanza lenga 50,000. Ukiandika maneno 500 kila siku, ni siku 100. Andika kila tukio kwenye kadi yake, na chini ya kadi ujibu: baada ya tukio hili, wamekaribiana au wametengana? Kadi isiyo na jibu itoe.

Hatua ya 5: Nani anasimulia

Nafsi ya kwanza huleta ukaribu, lakini inakufungia ndani ya kichwa kimoja. Nafsi ya tatu inayopokezana, sura hii kwa Salma, inayofuata kwa Haruni, inafaa sana pale kila upande una kidonda chake, kwa kuwa msomaji anajua kile ambacho wapenzi wenyewe hawajui. Usihame kichwa katikati ya tukio.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Tazama: "Alimtazama. Alimshika mkono, naye akauondoa. Alitabasamu." Nani kamtazama nani? Tukio la mapenzi lina watu wawili, wote ni a- na -m-, na pale wanapokaribiana zaidi ndipo msomaji anapotea. Kurudiarudia majina kunachosha haraka. Njia bora ni kukipa kitendo kitu kingine cha kukitenda: "Haruni alinyoosha mkono juu ya meza. Salma akaondoa wake, akauficha mapajani. Tabasamu likabaki usoni mwa Haruni bila mwenyewe." Mkono, tabasamu, sauti, kiti kilichovutwa, vyote vinaweza kuwa mtenda, na ngeli zake zinatenganisha watu bila kelele.

Halafu chunga wanavyoitana. Salma anaanza kumwita "fundi", naye anamwita "mama mwenye nyumba". Baadaye ni "dada Salma", kisha "Salma" tupu, na hilo jina tupu liwe tukio, lisipite tu. Siku ya ugomvi akirudi kwenye "mama mwenye nyumba", huhitaji kueleza kwamba ameumia.

Hatua ya 6: Rasimu ya kwanza

Chagua saa moja ya siku na uilinde. Andika bila kurudi nyuma kusahihisha. Usipojua jina la chombo cha fundi au muda wa safari, usikimbilie intaneti. Andika XX uendelee. Herufi x haimo katika alfabeti ya Kiswahili, kwa hiyo baadaye ukitafuta XX kwenye faili utapata mapengo yako tu. Acha kuandika pale unapojua kinachofuata, kesho hutaanza na ukurasa mweupe. Weka nakala mbili mahali pawili kila siku. Simu hupotea, kompyuta huungua.

Msukumo utakauka karibu na katikati. Ukikwama, mara nyingi ni kwa sababu wapenzi wamekaribiana na hakuna kinachowavuta nyuma. Soma zile sentensi tatu, uulize imani ya nani bado haijaguswa.

Hatua ya 7: Mazungumzo na faragha

Mazungumzo mabovu ya mapenzi yana wahusika wanaojua wanachohisi na kukieleza kwa ufasaha:

"Nakupenda sana, Salma, lakini naogopa kukuahidi kwa sababu baba yangu alinidanganya utotoni," Haruni alisema huku machozi yakimtoka.

Hakuna anayesema hivyo. Na akisema hivyo, kitabu kimekwisha. Jaribu hivi:

"Ufunguo wa uani nimeuacha dirishani," Haruni alisema.

"Utauhitaji ukirudi."

"Nikirudi."

Salma aliendelea kufuta meza iliyokwisha kuwa safi. "Kufuli lile nalo bovu," alisema. "Siku hizi halifungi vizuri."

Hakuna aliyetaja mapenzi wala kusubiri. Haruni amekataa kuahidi kwa kubadili silabi moja. Salma ameahidi kuacha mlango wazi na kulisingizia kufuli. Msomaji anajiona mjanja kwa kulielewa hilo, na msomaji anayejiona mjanja hafungi kitabu.

Kwenye faragha, kanuni yangu ni moja: tukio libadilishe kitu kwenye kizuizi, la sivyo likatwe. Msamiati ni mtihani, maana maneno mengi yaliyopo ama ni ya hospitali ama ni ya matusi, na mafumbo yakizidi yanachekesha. Egemea kwenye pumzi, mkono uliositasita, neno lililokatika katikati, na kile mhusika anachogundua juu yake mwenyewe. Katika kusafisha, futa mioyo inayodunda kama ngoma, macho yanayokutana na dunia kusimama, miili inayosisimka kila ukurasa wa pili. Ukimaliza, tafuta "moyo" kwenye faili lote. Utashangaa.

Hatua ya 8: Kurekebisha

Iache rasimu ipoe wiki kadhaa, kisha ichapishe kwenye karatasi au uibadilishe fonti ili macho yaione upya. Fanya mizunguko mitatu, na usiichanganye.

Mzunguko wa kwanza ni wa mifupa: je, kila sura inagusa kizuizi? Je, mabadiliko ya mwisho yameandaliwa, au Haruni ameamka tu asubuhi amekuwa mtu mwingine? Huu ndio mzunguko unaouma, kwa sababu sura nzuri inaweza kuwa haina kazi. Wa pili ni wa matukio: ingia umechelewa, toka mapema. Salamu za mlangoni na kuandaa chai vinaweza kuondoka karibu vyote. Wa tatu ni wa sentensi, na huo usome kwa sauti. Kiswahili kinajisema chenyewe kikikosewa; upatanisho wa ngeli uliopinda, macho huuruka, sikio haliuruki. Usikitegemee kisahihishaji cha kompyuta.

Kisha tafuta wasomaji wa awali watatu hadi watano ambao kweli husoma riwaya za mapenzi. Ndugu na marafiki watakusifu, na sifa haikusaidii. Usiwaulize "umekionaje?" Waulize: uliacha kusoma wapi ukafanya jambo lingine? Ni wapi ulimchukia mhusika nami sikutaka umchukie? Ulifikiri nini kingetokea baada ya sura ya kumi? Wawili wakikwama mahali pamoja, pana tatizo, hata kama dawa wanazopendekeza hazifai.

Kama una fedha za kumlipa mtu mmoja tu, mlipe mhariri. Msahihishaji wa herufi ni kazi tofauti na huja mwisho. Tengeneza karatasi ya majina, umri, tarehe na tahajia unazozifuata, umpe pamoja na muswada.

Hatua ya 9: Haki na utambulisho

Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi zimeuridhia, hakimiliki ni yako tangu unapoandika. Hailazimu usajili ndipo iwepo. Hata hivyo hifadhi rasimu zenye tarehe. Hakimiliki hiyohiyo inawalinda wengine, na waandishi wa mapenzi huikanyaga zaidi kwenye nyimbo: usinukuu mashairi ya wimbo bila idhini. Kutaja jina la wimbo kwa kawaida hakuna shida.

Jina la kalamu linaruhusiwa, ila mikataba na malipo hutaka jina lako halisi. ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, yenye tarakimu 13 tangu mwaka 2007, hutolewa na wakala wa nchi yako, na kila umbo la kitabu, la karatasi na la kielektroniki, hupewa yake. Nchi nyingi zinadai pia nakala za kuhifadhiwa maktaba ya taifa. Ulizia kabla ya kuchapa. Na kama ulitumia akili mnemba (AI) kuzalisha maandishi, picha au tafsiri, Amazon, duka kubwa la mtandaoni, inakutaka utamke hivyo unapopakia kitabu, tangu mwaka 2023.

Hatua ya 10: Jalada na kurasa za ndani

Jalada linatangaza aina ya kitabu kabla halijapendeza. Weka majalada ishirini yanayouzika katika mkondo wako kando kwa kando, uone rangi, mapozi na herufi zinazojirudia, kisha umwambie msanii. Lipunguze hadi ukubwa wa kidole gumba. Kama jina halisomeki, lirudi. Picha na fonti ziwe na leseni ya biashara, si zilizookotwa mtandaoni. Kwa kitabu cha kielektroniki, kipimo ambacho Amazon inakipendekeza ni pikseli 2,560 kwa 1,600. Kwa cha karatasi, picha ziwe na ubora wa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), na usikamilishe jalada kabla kurasa za ndani hazijakamilika, kwa sababu upana wa mgongo hutokana na idadi ya kurasa. Faili la kielektroniki liwe la EPUB, muundo wa vitabu vya kielektroniki. Lifungue kwenye simu, kwani wengi watasomea hapo.

Hatua ya 11: Maneno ya nyuma ya kitabu

Waandishi wengi hufupisha kisa chote. Usifanye hivyo. Toa watu wawili, imani mbili na mgongano, kisha nyamaza:

"Salma aliapa kwamba hatamsubiri mwanamume tena. Haruni aliapa kwamba hatamwahidi mtu kurudi. Kwa mpangaji na mwenye nyumba, hayo ni makubaliano mazuri. Mpaka usiku ambao Salma anajikuta hajafunga mlango."

Kama maneno haya yanakataa kuandikika, mara nyingi ni kizuizi kilichokosa makali. Ni vyema kuyajaribu hata kabla ya rasimu.

Hatua ya 12: Kupeleka sokoni

Huduma ya Amazon ya Kindle Direct Publishing (KDP), iliyoanza mwaka 2007, ndiyo kubwa kwa wanaojichapishia, lakini si pekee, na si kila jukwaa linapokea vitabu vya kila lugha. Soma orodha ya lugha zinazokubaliwa kabla ya kupanga chochote. Huko Kindle, mrabaha wa kitabu cha kielektroniki ni asilimia 70 ukikaa ndani ya bei na masoko waliyoyapanga, na 35 nje yake. Mpango wao wa KDP Select unakufunga siku 90 usiuze toleo la kielektroniki kwingine, na hujirudia wenyewe usipouzima. Nakala za karatasi zinaweza kuchapwa moja moja mnunuzi anapoagiza, hivyo hulazimiki kujaza maboksi chumbani.

Kuuza kwa vipande mtandaoni, sura kwa sura, kunafaa aina hii ya riwaya. Andika kitabu chote kwanza, ndipo uanze kukikata. Anayetoa vipande huku bado anaandika hujikuta akirefusha pale wasomaji wanaposhangilia, na kizuizi kinakufa kwa kuzungushwa.

Kitu cha maana kuliko matangazo ni orodha ya wasomaji wako mwenyewe, ya barua pepe au namba za simu walizokupa kwa hiari, kwa sababu jukwaa likibadili masharti, wasomaji hao hubaki nawe. Mwisho wa kitabu weka sura ya kwanza ya kinachofuata na namna ya kujiunga. Maoni usiyanunue, majukwaa huyafuta, na akaunti yako inaweza kufungwa.

Makosa yatapatikana baada ya kutoka, hayakwepeki. Kuwa na faili moja tu la asili, sahihisha humo, kisha zalisha upya matoleo yote mawili uyapakie. Andika tarehe ya toleo kwenye ukurasa wa hakimiliki, ili msomaji akikuletea kosa ujue ni la nakala gani.